Kaka aligundulika na TB kwa siku mbili, dada anazungushwa miezi miwili: kwa nini?

SWALI: "Mdogo wangu wa kike ana miaka 27, anaishi Kahama. Amejifungua miezi mitatu iliyopita na ananyonyesha. Mtoto alipofikisha kama wiki nne mama yake akaanza kukohoa, na mpaka leo hajaacha. Zahanati amekwenda mara tatu. Kwanza alipewa amoxicillin, mara ya pili dawa ya maji ya kikohozi, mara ya tatu wakampima makohozi kwa darubini wakasema hakuna vimelea. Baadaye shemeji akamnunulia cipro duka la dawa, akapata nafuu siku chache, kisha kikohozi kikarudi palepale. Amepungua na usiku analowa jasho. Mama mkwe wake anasema ni uzazi na kunyonyesha tu. Kinachonishangaza ni kwamba kaka yetu, mchimbaji mdogo wa dhahabu, alikwenda hospitali ya wilaya miezi minne iliyopita na siku ya pili tu wakamwambia ana TB, akaanzishiwa dawa. Kabla ya hapo alikuwa anakaa kwa huyo huyo dada. Je, TB ni ugonjwa wa wanaume zaidi? Na kama kipimo kimesema dada hana, tuendelee kutafuta au tumwache apumzike?"

JIBU:

Endeleeni kutafuta, na ikiwezekana aende wiki hii hii. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi peke yake kinatosha kumfanya mtu achunguzwe TB. Mdogo wako ana cha wiki nane, anatoka jasho usiku na anapungua uzito. Kipimo kimoja cha darubini kisichoonyesha vimelea hakimwondoi mtu wa namna hii kwenye orodha ya wanaodhaniwa kuwa na TB.

Umetaja pia jambo moja kama la kupita tu, nalo kwangu ndilo zito kuliko yote: kaka alikuwa anakaa kwa dada. Mgonjwa wa TB ya mapafu akiandikishwa, wote wanaoishi naye wanatakiwa kuulizwa dalili na kuchunguzwa, watoto wadogo wakiwa wa kwanza. Muulize kaka kama kliniki walimuuliza anaishi na nani, na kama aliulizwa, yeye alijibu nini. Wachimbaji wengi hutaja kambi ya machimbo kwa sababu ndiko wanakoshinda, na nyumba wanayolala wakirudi mjini haiingii kwenye daftari. Mdogo wako alipofika zahanati bila kusema kwamba kaka yake yuko kwenye dawa za TB, mhudumu aliona mzazi mwenye kikohozi, basi. Angelisema, huenda mambo yangekwenda tofauti tangu mara ya kwanza.

Sasa hili la "ugonjwa wa wanaume". Ni kweli kwamba wanaume wanaugua zaidi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023, katika kila watu 100 waliougua TB duniani, 55 walikuwa wanaume, 33 wanawake na 12 watoto. Uchunguzi wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2016, ambao watu walifuatwa makwao badala ya kusubiriwa hospitalini, ulikuta wagonjwa 809 kwa kila wanaume 100,000, na 359 kwa kila wanawake 100,000. Sigara, pombe, kazi za kujazana na vumbi vina mchango mkubwa hapo. Vumbi la mawe ya machimbo ni baya mno: chembe za silika zinaua seli za mapafu zile zile zinazotakiwa kummeza na kumdhibiti mdudu wa TB. Kwa hiyo kaka yako alikuwa kwenye hatari mara mbili, na mwambie daktari wake ajue kazi anayofanya.

Lakini takwimu hizo zinazungumzia umati. Hazisemi lolote kuhusu kifua cha mwanamke mmoja anayekohoa mbele ya mhudumu. Tatizo ni kwamba zikishaingia kichwani zinageuka mazoea: mwanaume aliyekonda na anakohoa anapelekwa maabara moja kwa moja, mwanamke mwenye dalili hizo hizo anaulizwa kwanza kuhusu jiko la kuni, mawazo, uzazi, au anaambiwa ana pumu.

Hata hivyo, ukimlinganisha kaka na dada kwa siku mbili dhidi ya miezi miwili, unakuwa umeanza kuhesabu kaka alipovuka mlango wa hospitali. Muulize alianza kukohoa lini. Mara nyingi jibu litakuwa miezi mitatu, minne au zaidi. Mwanaume anakohoa akisema ni vumbi au sigara, kukosa kazi siku moja ni kukosa posho, kwa hiyo anakwenda akiwa tayari anatema damu au hawezi kubeba mzigo. Wakati huo mapafu yamekwishatoboka mashimo yaliyojaa vimelea, na hata darubini ya kawaida inawaona bila shida. Aligundulika haraka kwa sababu alichelewa sana. Ndiyo maana pia, licha ya wanaume kuwa wengi kwenye daftari za kliniki, wale wanaobaki mitaani na TB isiyogunduliwa nao wengi wao ni wanaume.

Kwa wanawake muda mwingi hupotea baada ya kufika. Utafiti wa wagonjwa zaidi ya 1,000 uliofanyika Vietnam na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha hili waziwazi. Wanawake na wanaume walikwenda kutafuta huduma karibu wakati mmoja, takriban wiki ya nane ya kuugua. Lakini kuanzia hapo mpaka kuambiwa "hii ni TB", wanaume walisubiri wastani wa wiki 3.8 na wanawake wiki 5.4. Si kila nchi ina picha hiyo. Kuna maeneo wanaume ndio wanaochelewa kwa jumla, na kuna mengine mwanamke anachelewa pande zote mbili kwa kuwa nauli na ruhusa vinatoka kwa mtu mwingine. Ila maelezo ya mdogo wako, mara tatu zahanati na dawa tatu tofauti, yanafanana mno na hayo ya Vietnam.

Kwa nini basi kipimo kinaweza kusema hana wakati anayo? Darubini inahitaji vimelea wengi, kama 5,000 hadi 10,000 katika kila mililita ya makohozi, ndipo mtaalamu wa maabara awaone. Mwanamke, hasa kijana, mara nyingi anafika na mapafu ambayo hayajatoboka mashimo makubwa, kwa hiyo vimelea katika makohozi yake ni wachache. Mashine ya GeneXpert, inayotafuta vinasaba vya mdudu badala ya kumtazama kwa jicho, inahitaji wachache zaidi: toleo la kwanza takriban 130 kwa mililita, na toleo la sasa la Ultra takriban 16. Majibu yake hutoka ndani ya saa mbili, na papo hapo inaonyesha kama mdudu ni sugu kwa rifampisini, moja ya dawa kuu za TB. Shirika la Afya Duniani liliipitisha tangu mwaka 2010, na ndiyo inayotakiwa kuwa kipimo cha kwanza. Darubini ni ya pale mashine ilipokosekana.

Jambo la pili ni makohozi yenyewe. Wanawake wengi wamelelewa kuona haya kukohoa kwa nguvu na kutema mbele za watu. Ukimpa kikopo kwenye korido yenye foleni ukamwambia "tema hapa", atakuletea mate. Maabara itapima mate, itaandika hakuna vimelea, na karatasi itakuwa sahihi kabisa kuhusu mate. Huko Rawalpindi, Pakistan, watafiti walijaribu kitu chepesi: nusu ya waliokuja kupimwa walielekezwa kwanza namna ya kutoa makohozi, nusu wakaachwa kama kawaida. Matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Kwa wanawake walioelekezwa, 13 katika 100 walikutwa na vimelea. Kwa ambao hawakuelekezwa, 8. Kwa wanaume maelekezo hayakuleta tofauti ya maana. Maelezo ya dakika chache tu, bila mashine mpya, bila dawa.

Basi mwelekeze hivi. Achukue kikopo siku moja kabla, makohozi ayatoe nyumbani alfajiri akiamka, kabla ya kula, kwa kuwa usiku kucha yamekusanyika. Asukutue mdomo kwa maji matupu, asitumie dawa ya meno. Atoke nje kwenye hewa, mbali na mtoto na watu wengine. Avute pumzi ndefu mpaka kifua kijae, aishike sekunde chache, aitoe taratibu. Arudie. Mara ya tatu, akishajaza kifua, akohoe kwa nguvu kutoka chini kabisa na kutema ndani ya kikopo bila kugusa ndani yake. Arudie mpaka apate mililita 3 hadi 5, yaani kama kijiko cha chai kilichojaa. Yawe mazito, ya kuvutika, meupe, ya njano au ya kijani. Kama ni maji yenye povu, hayo ni mate na ajaribu tena. Afunike vizuri, jina liandikwe ubavuni mwa kikopo, si kwenye mfuniko ambao huchanganywa. Kikopo kisikae juani, maana jua linaua vimelea, na kifike maabara siku hiyo hiyo. Makohozi yakigoma kabisa, hospitali kubwa huweza kumvutisha mvuke wa maji ya chumvi ili yalainike. Msijaribu hilo nyumbani.

Zahanati isiyo na mashine haimaanishi lazima asafiri yeye. Sampuli nyingi husafirishwa kwenda kituo chenye GeneXpert, kwa hiyo aombe hivyo kwa maneno hayo hayo: "Naomba makohozi yangu yapelekwe GeneXpert, kaka yangu niliyekuwa ninaishi naye yuko kwenye dawa za TB." Kipimo hicho na dawa za TB ni bure kwenye vituo vya serikali. Picha ya eksirei inaweza kuwa na malipo, mjiandae.

Majibu yakirudi, msiridhike na kusomewa tu. Kwenye daftari na karatasi huandikwa kwa herufi. N ni kwamba vimelea hawakuonekana. T, wameonekana na rifampisini inawaua. RR, wameonekana na ni sugu. TI, wameonekana ila usugu haukusomeka. TT, wameonekana kwa uchache mno, na kwa mwanamke ambaye hajawahi kutibiwa TB na ana dalili hizi hilo si jibu la kupuuzwa. I maana yake mashine haikutoa jibu lolote, na sampuli nyingine inatakiwa. Kuna watu wamerudishwa nyumbani na I wakidhani wamepona.

Nirudi kwenye uzazi, kwa sababu mama mkwe hajakosea kabisa. Jasho la usiku ni la kawaida wiki za mwanzo baada ya kujifungua, uchovu pia, na kunyonyesha kunapunguza mwili. Ila vyote hivyo havileti kikohozi cha miezi miwili, na jasho la uzazi linatakiwa kuwa limekwisha muda huu. Kinachotokea ni hiki: mimba inalegeza baadhi ya kinga za mwili ili mtoto asikataliwe. Mdudu wa TB akiwa ndani anapata nafasi, lakini dalili zinafichwa, tumbo linakua na mizani inapanda hata kama mama mwenyewe anakonda. Baada ya kujifungua kinga inarudi kwa kishindo na ndipo dalili zinapojitokeza. Utafiti mmoja wa Uingereza ulikuta uwezekano wa mwanamke kugundulika na TB katika miezi sita baada ya kujifungua ulikuwa karibu mara mbili ya nyakati nyingine. Kikohozi kilichoanza wiki ya nne baada ya uzazi, kwa mtu aliyelala nyumba moja na mgonjwa akiwa mjamzito, kinaingia hapo barabara.

Kuhusu cipro, shemeji alikuwa na nia njema, lakini isinunuliwe tena, wala levofloxacin. Dawa za kundi hilo zinaua sehemu tu ya vimelea vya TB. Mgonjwa anapata nafuu ya siku chache kama alivyopata yeye, kipimo kikichukuliwa siku hizo kinaweza kutoka safi, na wanaobaki wanajifunza usugu kwa dawa ambazo tunazitegemea kutibu TB sugu. Pia awe macho na prednisolone inayotolewa kwa "pumu" ambayo haijathibitishwa. Inatuliza kifua huku ikilaza kinga, na TB inasambaa. Amoxicillin haina tatizo hilo. Ilimpotezea tu muda.

Je, GeneXpert nayo ikitoka N? Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na hapo ndipo daktari anatakiwa afanye kazi. Apigwe picha ya kifua. Picha ikionyesha dalili za TB, au akiendelea kushuka bila sababu nyingine, daktari anaruhusiwa kuanzisha dawa kwa uamuzi wa kitabibu hata bila mdudu kuonekana. Apimwe VVU, maana majibu hayo yanabadilisha hatua zote zinazofuata. Na kuna ugonjwa mmoja ambao nataka uutaje kwa daktari kwa sababu unafanana na huu: moyo kushindwa kusukuma damu, unaoanza mwezi wa mwisho wa ujauzito hadi kama miezi mitano baada ya kujifungua. Huleta kikohozi cha usiku, kuhema akilala chali, kuvimba miguu na moyo kwenda mbio. Akiwa na hayo, uchunguzi wa moyo usingoje majibu ya makohozi.

TB kwa wanawake pia hujificha nje ya mapafu mara nyingi kidogo kuliko kwa wanaume: tezi za shingo zinazovimba bila maumivu makali, maji kwenye kifua, au mirija ya uzazi, ambapo mtu huhangaika na ugumba miaka. Mpapase shingo na kwapa, mkikuta tezi mwonyesheni daktari; hunyonywa kwa sindano na kupimwa kwa mashine ile ile.

Mtoto. Maziwa ya mama hayapitishi TB, aendelee kunyonya. Kinachomwambukiza ni hewa, kwa hiyo madirisha yawe wazi na mama avae barakoa anaponyonyesha mpaka majibu yatoke. Mama akithibitika ana TB, mtoto achunguzwe siku hiyo hiyo: anakohoa, ana homa, ananyonya kwa nguvu, mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki unapanda au umelala? Akiwa mzima anapewa tibakinga, kwa kawaida isoniazidi miezi sita, au mseto wa rifampisini na isoniazidi miezi mitatu. Chanjo ya BCG aliyopata haimwondolei haja hiyo. Inasaidia zaidi kuzuia TB kali ya utotoni, ile ya ubongo na ya mwili mzima. Watoto wengine wa chini ya miaka mitano humo ndani nao wafuate mkondo huo.

Ikiwa ni TB ya kawaida, tiba ni miezi sita: dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Zinaendana na kunyonyesha, na ataongezewa vitamini B6 kulinda mishipa ya fahamu. Mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, asishtuke. Macho yakiwa ya njano au akitapika mfululizo arudi kliniki mara moja. Kama anatumia vidonge vya uzazi wa mpango au vijiti, aseme: rifampisini inavipunguzia nguvu. Kitanzi na kondomu haviathiriki. Hili wanawake wengi hawaambiwi, wanashika mimba katikati ya dozi.

Najua suala la nauli na ruhusa. Mtoto wa miezi mitatu anakaribia chanjo ya wiki ya 14, na kliniki ya mama na mtoto iko kwenye kituo hicho hicho. Kama hiyo ndiyo siku ambayo hakuna atakayehoji kutoka kwake, aitumie, aombe kuchunguzwa TB hapo hapo. Shemeji akiweza aende naye, kwa sababu na yeye anatakiwa kuchunguzwa. Na mama mkwe aambiwe kwamba sahani na vikombe havihitaji kutengwa. TB haipiti huko.

Kuna hali zisizosubiri chanjo wala kikopo cha alfajiri. Akitema damu, akihema kwa shida hata akiwa amekaa, akiumwa kichwa sana na shingo ikakakamaa, akichanganyikiwa, au mtoto akipumua haraka na kukataa ziwa, waende hospitali ya wilaya saa hiyo hiyo.

Vinginevyo, aende na karatasi moja: tarehe kikohozi kilipoanza, majina ya dawa zote alizokunywa na lini, uzito wake wa kliniki ya wajawazito na wa sasa. Aambatanishe kadi ya TB ya kaka, au hata picha yake kwenye simu. Zahanati wakimrudisha tena bila kipimo, mtafuteni mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya. Anapatikana hospitali ile ile alikotibiwa kaka yenu, na kumfuatilia mtu aliyeishi na mgonjwa ni sehemu ya kazi yake.